ALMASI KAMA ITOKAVYO ARDHINI

Umbo la jiwe ni shahada bora kuliko kung'aa kwake

Almasi ni jiwe ambalo sifa zake zimeenea pote duniani, bali ni watu wachache mno waliopata kuiona kama itokavyo ardhini. Walio wengi huijua kwa picha za pete na mataji tu, na kwa hiyo hudhani ya kuwa almasi huzaliwa ikimetameta kama tone la umande juani. Dhana hiyo si kweli, na mtu anayeishika huweza kupata hasara kubwa.

Huko Nyaramba, katika Kaunti ya Nyamira, kama ilivyo katika vilima vingine vya Gusii, mvua kubwa ikiisha kunyesha, maji huosha udongo wa njia na mitaro iliyo kati ya mashamba ya chai na migomba, na mawe madogo yaliyokuwa yamefichika hutokeza. Baadhi yake ni meupe, na mengine hupenya nuru kama kioo. Mtoto atokaye shuleni huweza kuokota moja na kulipeleka nyumbani, akiuliza kama hiyo siyo almasi. Kuuliza hivyo si ajabu, tena ni vizuri. Hatari ni pale wakubwa wa nyumba wasipokuwa na jawabu.

Mathalan, mkulima aliyekwisha pokea bonasi yake ya chai hukutana sokoni na mgeni mwenye maneno matamu. Mgeni humwita kando, hufungua kitambaa, na kumwambia: "Mzee wangu, hii ni almasi ya Mwadui. Nimepungukiwa na nauli, ndiyo sababu naiuza kwa bei ya kutupa." Kisha huchukua kipande cha chupa, akakikwaruza kwa jiwe lake, na mkwaruzo huonekana wazi. Mkulima akiona hivyo huamini. Hutoa fedha zilizokuwa za karo ya watoto, akarudi nyumbani na jiwe lisilopita thamani ya kokoto za barabarani.

Kinga ya hasara hiyo si ngumu. Almasi ina maumbo yake ambayo imepewa na maumbile, na ina alama juu ya ngozi yake zinazoeleza jinsi ilivyokua na njia iliyopita. Mtu akijifunza maumbo hayo, hadanganyiki upesi.

FUWELE NI NINI?

Mawe mengi hayana umbo maalum. Ni vipande tu vya miamba iliyovunjika. Lakini viko vitu ambavyo, vikipata nafasi ya kukua polepole bila kubanwa, hujijenga vyenyewe kwa pande bapa na kingo zilizonyoka, kana kwamba fundi amezipima kwa rula. Kitu kilichojijenga hivyo huitwa fuwele.

Fuwele zimo hata jikoni. Punje za chumvi zikitazamwa kwa kioo cha kukuzia, nyingi huonekana kuwa ni visanduku vidogo vyenye pande 6 za mraba. Shabu, ile dawa itumiwayo kusafishia maji yenye matope, ina desturi nyingine: fuwele yake hufanya pande 8, na kila upande ni pembetatu. Sababu ya tofauti hii imo ndani. Kila kitu kimefanyika kwa chembe ndogo zisizoonekana kwa macho, na katika fuwele chembe hizo zimepangwa kwa mpango mmoja usiobadilika, kama matofali yaliyopangwa na mwashi stadi. Mpango wa ndani ndio unaoamua umbo la nje.

Almasi imefanyika kwa kaboni, yaani kitu kile kile kilichomo katika makaa, katika masizi ya chungu, na katika kalamu ya risasi. Lililozitofautisha ni mpango wa chembe. Katika kalamu ya risasi chembe za kaboni zimelala tabaka juu ya tabaka, na tabaka hizo huteleza kwa urahisi zikabaki juu ya karatasi. Katika almasi kila chembe imeshikamana na nyingine nne kwa nguvu zilizo sawa. Ndiyo maana almasi ni ngumu kupita mawe yote mengine ya asili. Katika kipimo cha ugumu kilichotungwa na Mjerumani Friedrich Mohs, ambacho huanza daraja la 1 na kwisha daraja la 10, almasi iko daraja la 10 peke yake. Jiwe la sabuni la Tabaka, ambalo mafundi wa Kisii hulichonga kwa kisu wakafanya sahani na sanamu, liko karibu na mwisho wa chini wa kipimo hicho.

Mpango huo wa chembe haufanyiki mahali popote. Almasi nyingi zilikua chini ya ardhi katika kina cha kilomita 150 na zaidi, katika joto linalozidi nyuzi 900, na chini ya mgandamizo mkubwa usio na mfano huku juu. Umri wa nyingi katika hizo ni kati ya miaka milioni 1,000 na miaka milioni 3,500. Baadaye zilipandishwa juu na miamba iliyoyeyuka ambayo ilipasua njia kwa nguvu kutoka chini. Mwamba wa namna hiyo, ukiisha kupoa, huitwa kimberlaiti, kwa jina la mji wa Kimberley katika Afrika Kusini.

UMBO LA PANDE NANE

Umbo kuu la almasi ni lile la pande 8. Mwalimu au mzazi atakaye kuwaonyesha watoto umbo hilo na achukue udongo wa mfinyanzi. Afinyange piramidi mbili zilizo sawa, kila moja iwe na kitako cha mraba na pande nne za pembetatu zinazokutana juu katika ncha moja. Kisha aziunganishe kitako kwa kitako. Atapata umbo lenye pande 8, kingo 12 na ncha 6. Almasi iliyokua bila kusumbuliwa, ikaletwa juu bila kuharibiwa, huwa na umbo hilo hilo, na pande zake huwa laini kama zilizopigwa msasa.

Lakini almasi zenye kingo kali namna hiyo si nyingi. Zilipokuwa zikipanda juu ndani ya miamba iliyoyeyuka, almasi nyingi zilianza kuliwa na miamba hiyo, kama vile sukari iliwavyo na chai ya moto. Kitu kikianza kuyeyuka, kingo na ncha ndizo zinazotangulia kuliwa. Basi kila ukingo hupungua ukageuka kuwa upande mpya uliobenuka kidogo, na kwa kuwa kingo zilikuwa 12, jiwe huishia kuwa na pande 12 zenye kuviringana. Almasi ya namna hii haina ukali wowote ikishikwa; hufanana na punje kubwa iliyosuguliwa. Asiyejua huitupa, akidhani ya kuwa ni kokoto ya mtoni iliyoviringishwa na maji.

Mambo haya mawili, yaani kukua na kuyeyuka, yanaweza kuonyeshwa darasani kwa shabu. Shabu huyeyushwa katika maji ya moto mpaka maji yasiweze kuyeyusha zaidi, kisha huachwa yapoe. Kipande kidogo cha shabu hufungwa kwa uzi na kuning'inizwa ndani ya maji hayo, na chombo hufunikwa kwa karatasi na kuwekwa mahali pasipotikiswa. Baada ya siku kadha, kipande kile huwa kimekua kikapata pande zake za pembetatu. Kikitolewa na kutiwa kwa muda mfupi katika maji matupu, kingo zake hufa zikaviringana. Watoto wakiona hayo, wamekwisha ona katika glasi jambo lile lile ambalo almasi ilitendewa chini sana ya ardhi. Maji hayo, bila shaka, yasinywewe.

ALAMA ZA PEMBETATU

Iko shahada nyingine iliyo ndogo zaidi, lakini wajuzi huithamini sana. Upande bapa wa almasi ukitazamwa kwa kioo cha kukuzia, mara nyingi huonekana vishimo vidogo vya pembetatu vilivyochorwa juu yake. Vishimo hivyo vilifanyika wakati jiwe lilipokuwa likiliwa. Ajabu yake ni kwamba karibu daima huelekea kinyume cha upande wenyewe. Ikiwa upande umeelekeza ncha yake juu, vishimo huelekeza ncha zake chini. Hakuna patasi iliyovichonga. Ni mpango wa chembe za ndani uliojidhihirisha nje.

MAUMBO MENGINE

Si kila almasi ina pande 8 au 12. Ziko zilizo na umbo la sanduku, yaani pande 6 za mraba, ingawa pande hizo aghalabu huwa na mikwaruzo na vishimo vya mraba, na jiwe lenyewe huwa halipenyi nuru vizuri. Almasi za umbo hilo zimetoka kwa wingi katika machimbo ya Mbuji-Mayi, katika nchi ya Kongo.

Ziko pia almasi mapacha. Fuwele mbili huanza kukua pamoja, moja ikiwa imegeuka kinyume cha mwenzake, na matokeo yake ni jiwe jembamba la pembetatu, mfano wa sambusa iliyobanwa. Ukingoni mwake huonekana mstari wa mshono, mahali mapacha hao walipoungana.

Tena ziko almasi zisizo na umbo la kutajika. Hizi ni fuwele ndogondogo nyingi zilizoshikana ovyo, rangi yake ni ya kijivu au nyeusi, na hakuna sonara atakayezitaka kwa pete. Lakini si za kudharauliwa. Husagwa kuwa unga wa kukatia na kusugulia vitu vigumu, na vipande vyake hutiwa katika ncha za keekee kubwa zitoboazo miamba. Ugumu wake ni ule ule wa ndugu zake wazuri.

Na mwisho, ziko almasi zilizo vipande tu. Almasi, pamoja na ugumu wake wote, ina pande za ndani ambazo kwazo hupasuka kwa urahisi, kama ukuni unavyopasuka kwa kufuata nyuzi zake. Almasi iitwayo Cullinan, iliyopatikana karibu na Pretoria mwaka 1905, ilikuwa na uzito wa karati 3,106, yaani zaidi ya gramu 620. Hakuna almasi ya thamani ya vito iliyowahi kupatikana iliyo kubwa kuliko hiyo. Hata hivyo haikuwa fuwele kamili. Upande wake mmoja ulikuwa bapa na laini, alama ya kuwa ilikuwa imepasuka kutoka katika jiwe kubwa zaidi.

NGOZI NA RANGI

Mng'ao wa almasi ghafi si wa kumetameta. Mara nyingi hufanana na kioo kilichopakwa mafuta kidogo. Tena almasi ina tabia ya kutopenda maji: maji hayaienei, bali mafuta huishika mara moja. Tabia hiyo ilitumiwa Kimberley tangu mwishoni mwa karne ya 19. Changarawe zilipitishwa pamoja na maji juu ya meza iliyopakwa grisi. Kokoto nyingine zilikwenda na maji, na almasi zilinasa katika grisi. Siku hizi machimbo mengi hutumia mashine za eksirei, kwa maana almasi zikipigwa na miale hiyo hutoa nuru, na mashine huzitambua kwa nuru hiyo.

Kuhusu rangi, watu wengi hudhani ya kuwa almasi ni nyeupe tu. Ukweli ni kwamba nyingi zina umanjano au uhudhurungi kidogo. Umanjano huletwa na naitrojeni iliyoingia ndani ya fuwele, na rangi ya buluu, ambayo ni adimu, huletwa na boroni. Rangi ya waridi huhusiana na fuwele kupindwa kidogo na nguvu za ardhi. Ziko pia almasi zenye ngozi ya kijani, ambayo imetiwa na miale ya mawe mengine yaliyokaa karibu nazo kwa miaka mingi mno. Ngozi hiyo ikisuguliwa, ndani hukutwa jiwe jeupe.

Hapa ndipo ifaapo kukumbuka methali ya wahenga isemayo: Usione vyaelea, vimeundwa. Kumetameta kwa pete ni kazi ya mikono ya fundi. Fundi hukata na kusugua mpaka jiwe la duara lipate pande ndogondogo 57 au 58, zilizopimwa ili nuru iingiayo irudi machoni mwa mtazamaji. Kwa hiyo, mtu akija na jiwe lenye pande nyingi zilizolingana kama la pete, naye asema ameliokota mtoni, amejishuhudia mwenyewe ya kuwa ni mwongo. Ama limekwisha kupita katika mikono ya fundi, ama ni kioo kilichotiwa kalibuni.

KWATSI NA CHUPA

Yale mawe meupe au maangavu yaonekanayo katika vilima vya Gusii, kwa kawaida ni kwatsi. Kwatsi ni jiwe lililoenea sana duniani, na mchanga mwingi ni unga wake. Nalo huweza kufanya fuwele nzuri, bali umbo lake ni jingine kabisa. Fuwele ya kwatsi ni mche wa pande 6, mrefu kama kipande cha penseli, ambao mwisho wake umechongoka. Ubavuni mwake huonekana mistari myembamba iliyokatiza upana wake. Almasi haina umbo la mche wa pande 6 hata kidogo. Kuijua tofauti hii moja kunatosha kuokoa fedha za watu wengi.

Sasa na litazamwe lile jaribio la chupa. Ni kweli kwamba almasi hukwaruza kioo; lakini kwatsi nayo hukwaruza kioo, kwa kuwa iko daraja la 7 katika kipimo cha ugumu, ilhali kioo cha kawaida hukaribia daraja la 5 na nusu. Yule mgeni wa sokoni hakusema uongo kwa mkono wake, maana alama ilionekana. Uongo ulikuwa katika maana aliyoipa alama ile. Jaribio la chupa huonyesha tu kwamba jiwe si kioo laini. Halionyeshi kuwa ni almasi.

Vipande vya chupa navyo huwadanganya watu. Chupa iliyovunjika ikiviringishwa mtoni kwa miaka, kingo zake hufa na ngozi yake huparara ikawa kama ya jiwe ghafi. Lakini ikitazamwa kwa makini kwa kioo cha kukuzia, mara nyingi ndani yake huonekana viputo vya mviringo vya hewa, na mahali ilipomeguka pana mikunjo kama ya kombe la pwani.

Uzito pia husaidia. Almasi ni nzito mara tatu na nusu kuliko maji ya kiasi kile kile, na kwatsi ni nzito mara mbili na zaidi kidogo ya nusu. Kwa hiyo katika mawe mawili ya ukubwa mmoja, almasi huzidi kwatsi kwa theluthi moja hivi. Kwa mawe madogo tofauti hiyo haipimiki kwa kiganja. Huhitaji mizani ya sonara.

Jambo moja na lipigwe marufuku kabisa katika kila nyumba, nalo ni kujaribu jiwe kwa nyundo. Mwandishi wa Roma aliyeitwa Pliny, aliyeishi katika karne ya kwanza, aliandika ya kuwa almasi ikiwekwa juu ya fuawe na kupigwa, fuawe na nyundo ndivyo vitakavyovunjika. Habari hiyo ilisadikiwa kwa miaka mingi, nayo si kweli. Ugumu wa kukataa mikwaruzo si sawa na nguvu ya kustahimili pigo. Almasi ikipigwa vizuri katika njia zake za kupasukia, hupasuka. Kwa hiyo mtu apigaye jiwe lake kwa nyundo, kama ni kwatsi amepoteza kwatsi, na kama ni almasi amepoteza mali.

JIWE LILILOCHEZEWA NA WATOTO

Kutojua umbo la almasi kuna hasara mbili: ya kwanza ni kununua kisichokuwa, na ya pili ni kudharau kilichopo. Karibu na Hopetown, katika Afrika Kusini, kijana mmoja aliyeitwa Erasmus Jacobs aliokota kijiwe chenye kung'aa si mbali na Mto Orange, nacho kikawa kitu cha kuchezea cha watoto. Jirani yao, Schalk van Niekerk, alipendezwa nacho akapewa bure. Baadaye kijiwe hicho kilipelekwa kwa barua ya kawaida mpaka Grahamstown, kwa Daktari W. G. Atherstone, mtu aliyekuwa na elimu ya mawe. Mwaka 1867 alikichunguza, akasema ya kuwa ni almasi. Uzito wake ulikuwa karati 21 na robo, yaani gramu 4 na robo, nayo ikaitwa Eureka. Haikutambuliwa kwa sababu ilimetameta zaidi ya mawe mengine. Ilitambuliwa kwa sababu ilimfikia mtu aliyejua la kutazama na la kupima.

MWADUI, JIRANI YA MBALI

Afrika ya Mashariki yenyewe ina mgodi wa almasi wenye sifa kubwa, nao ni ule wa Mwadui, katika Mkoa wa Shinyanga, Tanzania, kusini ya Ziwa Viktoria. Uligunduliwa mwaka 1940 na mjuzi wa miamba kutoka Kanada, Daktari John Williamson, baada ya kutafuta kwa miaka kadha. Kimberlaiti ya Mwadui imeenea katika eneo la hektari zipatazo 146, nayo ni mojawapo ya zilizo kubwa kupita zote zilizochimbwa duniani.

Mwezi wa Oktoba 1947 ilipatikana huko almasi ya rangi ya waridi yenye karati 54 na nusu. Williamson aliitoa kuwa zawadi ya arusi ya Elizabeth, aliyekuwa binti mfalme wa Uingereza na baadaye malkia. Mwaka 1948 ilikatwa mjini London, ikabaki karati 23.6, na mwaka 1953 ikatiwa katika bizimu yenye umbo la ua. Kwa hiyo zaidi ya nusu ya jiwe lile iliondolewa ili uzuri wake utokeze. Mwaka 2021 jiwe jingine la waridi kutoka Mwadui, lenye karati 32.32, liliuzwa kwa dola za Marekani milioni 13.8.

Watu wa Gusii waweza kuuliza: Ikiwa Mwadui imejaliwa hivyo, je, vilima vya Nyamira na Kisii havina kitu? Swali hili lina maana, kwa sababu almasi za aina hii hupatikana katika sehemu za bara zilizo na miamba ya kale sana, na miamba ya kale iliyo chini ya Shinyanga huendelea kaskazini hata kufika magharibi ya Kenya. Lakini ardhi ya kale peke yake haitoshi. Sharti iwepo kimberlaiti iliyopanda kutoka chini, na hata kimberlaiti nyingi zilizogunduliwa duniani hazina almasi, au zina chache zisizolipa gharama za kuchimba. Mwadui kwenyewe, katika miaka ya karibuni, kila tani 100 za mwamba hazikutoa hata karati 10, yaani gramu 2. Kenya haina mgodi wa almasi. Mali ya mawe ya Gusii ijulikanayo ni lile jiwe la sabuni la Tabaka, ambalo limelisha na kusomesha watoto wengi, na mnunuzi wake hulichukua akijua anachonunua.

LA KUFANYA

Mtu akiokota jiwe linalomtia shaka, asilipige, asilichome moto, wala asilisugue juu ya jiwe jingine. Na aliweke katika kitambaa safi, akumbuke mahali hasa alipoliokota, kisha alitazame kwa kioo cha kukuzia. Kama ni mche wa pande 6 wenye mistari ya kukatiza, ni kwatsi, na watoto waweza kulichezea. Kama lina pande 8 za pembetatu, au pande 12 zilizobenuka, na ngozi yake ni kama ya kioo chenye mafuta, na juu yake kuna vishimo vya pembetatu vilivyoelekea kinyume, basi linastahili kupelekwa kwa maofisa wa serikali wanaosimamia madini, ambao wana watu na vyombo vya kulipima.

Yafaa pia kukumbuka ya kuwa kwa Sheria ya Madini ya Kenya ya mwaka 2016, madini yote yaliyo ardhini ni mali ya Jamhuri, ambayo serikali ya taifa huyashika kwa amana ya wananchi, na afanyaye biashara ya madini sharti awe na leseni. Zaidi ya hayo, tangu mwaka 2003 uko mpango wa mataifa uitwao Mpango wa Kimberley, ambao kwao almasi ghafi zinazovuka mipaka ya nchi zilizojiunga hutakiwa kufungwa kwa lakiri na kuandamana na hati ya serikali. Almasi ya kweli, basi, husafiri na karatasi zake. Haizunguki masokoni ndani ya kitambaa, ikimtafuta mkulima mwenye bonasi.

Kwa hiyo mgeni yule akirudi tena Nyaramba na kumwita mzee kando, jawabu liwe fupi. Mzee na amwombe jiwe, alitazame kwa utulivu, na ahesabu pande zake. Kama ni mche wa pande 6, amrudishie mwenyewe na kumtakia safari njema. Fedha za karo zitabaki mfukoni, na watoto watakwenda shuleni muhula utakapofunguliwa.